Droo ya Chini Hukwama

Nilikupinga miaka thelathini na mmoja, Eilert,
na leo umetimiza themanini, wananiomba mimi niseme machache,
maana wenzako wa chama cha kihafidhina wamekwisha kufa
au wamehamia Uhispania, wanaota jua kama mijusi.

Nianze na theluji.
Halmashauri ya Skarvøy, baridi ile iliyopasua mabomba:
wewe, mtoto wa mwenye duka la misumari,
tai imekukaba koo, soksi zimelowa,
ukasimama ukauliza gari la kusukuma theluji
linakunywa lita ngapi za dizeli kwa usiku.
Tulicheka. Sisi tulikuwa tunajadili haki duniani.
Wewe ulikuwa na risiti.

Walikuchagua, nadhani, kwa sababu hukuwaahidi kitu.
"Nitaangalia hesabu," ulisema kila mlangoni,
na bibi zetu, waliozoea kudanganywa kwa heshima,
wakakukaribisha kahawa.

Oslo ikakumeza kwa treni ya usiku.
Borgny akabaki na duka, akipima nyaya kwa mita,
akikusikia redioni ukisema "kwa upande mmoja".
Mihula minne ulipita kati ya simba wa mawe mbele ya Bunge,
kiti cha nyuma, safu ya nyuma, jina la nyuma,
mpaka serikali yenu ilipokosa mtu asiye na kashfa,
wakamkumbuka yule wa risiti.

Waziri wa Uchukuzi!
Nilitema kahawa juu ya gazeti.
Ijumaa suti nyeusi, baraza mbele ya Mfalme,
Jumatatu kalamu nyekundu.
Dukani kwenu mliuza misumeno, basi ulijua
inavyokata mbele na nyuma:
ulifuta vivuko tisa pwani nzima,
na cha tisa kilikuwa chetu.
Abiria kumi na wanne kwa safari, ulisema bungeni.
Hukutaja kwamba mmoja wao ni mama yako
na figo zake, mara tatu kwa wiki, hospitali ya Hamnsund.

Ulikuja safari ya mwisho. Hakuna aliyekuzomea;
huku kwetu watu hawazomei, wanageuka kutazama maji.
Ulilipa nauli. Ukadai risiti.
Nahodha akaiandika kwa mkono, herufi kubwa kubwa,
ukaikunja, ukaitia mfuko wa ndani.
Nilikuchukia siku ile, sikufichi,
na nilikuonea wivu: mimi ningemwokoa mama yangu
halafu nikaiita sera.

Kuondoka kwako nilikuona kwenye televisheni.
Maua, kamera, na binti wa chama changu, waziri mpya,
amenyoosha mkono apokee ufunguo wa wizara.
Uliupima kwanza kiganjani, kama bawaba,
kama unatafuta bei yake,
ukampa.
"Droo ya chini hukwama," ukamwambia.
Hiyo ndiyo hotuba yako ya mwisho kwa taifa.

Yaliyobaki sitayasema mbele ya keki.

Macho yako yamechoka, leseni wameichukua,
kwa hiyo ni mimi ninayekuendesha kwa daktari,
saa tatu kuizunguka ghuba iliyovukwa kwa dakika ishirini,
nikikulaani kila kona, nawe ukinifundisha gia.
Wiki iliyopita uliomba tusimame pale gatini.
Kutu, kibanda cha tiketi, shakwe mmoja juu ya nguzo.
Ulikaa kimya mpaka vioo vikajaa ukungu wa pumzi zetu.
"Walihesabu Februari," ukasema.
Nikangoja.
"Abiria. Walihesabu Februari tu. Na mimi nilijua."

Nikawasha waipa.
Zilibaki saa mbili za barabara,
na daktari yule hapendi watu wanaochelewa.